Cheti cha ISO, uhakiki wa tathmini, au kuwafuata wahitimu: chuo chenye fedha za njia moja kianze na ipi?

Mkuu wa chuo cha kiufundi mwenye fedha za kutosha jambo moja tu muhula huu huvutwa pande tatu. Afisa wa ubora anataka chuo kipate cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Mkuu wa idara ya uhandisi analalamika kwamba tathmini za karakanani zinapwaya na anataka zihakikiwe. Ofisi inayoshughulikia mafunzo ya viwandani inataka wahitimu wapigiwe simu, ijulikane wako wapi na wanafanya nini. Wote watatu wana hoja, ila kila njia inajibu swali lake, na chuo kikikosea swali, fedha zitaisha na ubora utabaki palepale.

Tumeviwazia hapa vyuo vya Kisumu, Nakuru na kaunti za Magharibi nchini Kenya, kuanzia kituo cha ufundi cha kaunti chenye wakufunzi sita kule Vihiga hadi chuo anuwai chenye wanafunzi maelfu. Kabla ya yote, hakuna hata moja kati ya njia hizi inayochukua nafasi ya sheria. Chuo, kozi na wakufunzi lazima viidhinishwe na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya kiufundi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya 2013. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha baraza la CDACC linaloandaa mitaala ya umilisi, yaani inayopima anachoweza kufanya mwanafunzi, na kusimamia tathmini zake. Anayefanya mtihani wa ufundi wa gredi III, II au I yuko chini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na vyuo vikuu viko chini ya tume yao, CUE, kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Chuo chenye cheti cha ISO ukutani na kozi isiyoidhinishwa kiko taabani vilevile.

| | Cheti cha ISO | Uhakiki wa tathmini | Kuwafuata wahitimu |
|---|---|---|---|
| Swali linalojibiwa | Tunafanya tulivyoandika? | Aliyeandikwa kwamba anaweza, anaweza kweli? | Anachokiweza kinahitajika kazini? |
| Matokeo ya kwanza | Kwa kawaida mwaka au zaidi | Muhula mmoja | Wiki chache, ukianza na kundi la mwaka uliopita |
| Kinachogharimu | Mshauri, ada za kila mwaka, saa za watu wengi | Saa za wakufunzi | Muda wa simu na mtu mvumilivu |
| Panapovunjika | Makaratasi ya kujazwa siku moja | Sahihi za kirafiki | Namba zisizopatikana |

Uhakiki wa tathmini

Tukilazimika kuchagua moja tu, tunachagua hii, na ndiyo maana tutakaa nayo kuliko nyingine.

Katika mafunzo ya umilisi, kila yuniti ina kazi zake za vitendo na ushahidi wake hukusanywa kwenye jalada la mwanafunzi: picha za kazi, orodha ya ukaguzi iliyojazwa na mtathmini, majibu ya maswali ya mdomo, kazi za kuandika. Mtathmini ndiye anayeamua kama mwanafunzi amefikia kiwango. Mhakiki wa ndani hampimi mwanafunzi mara ya pili. Anampima mtathmini na karatasi aliyoitumia.

Chukua kazi ya kawaida ya kuchomelea. Vipande viwili vya bamba la chuma, milimita 150 kwa 50, unene milimita 6, viunganishwe kwa umbo la T kwa elektrodi (kijiti cha kuchomelea) ya E6013 ya milimita 3.2. Orodha nyingi za ukaguzi zina mstari unaosema "Mshono ni nadhifu na imara", mbele yake kisanduku cha ndiyo au la. Mstari huo ndio ugonjwa wenyewe. Mtathmini aliyekomaa akitengeneza mageti kwenye vibanda vya jua kali pale sokoni Kibuye, Kisumu, anatazama kama kiungo kimeshika. Aliyefanya kazi kwenye mabomba ya mvuke ya mitambo ya umeme kule Olkaria anatazama kingo za mshono. Kipande ni kilekile, hukumu ni mbili, na kila mmoja ana haki kwa sababu karatasi haikumwambia "nadhifu" ni nini.

Uvunje mstari huo uwe mitano inayopimika. Mguu wa mshono, yaani upana wake juu ya kila bamba, uwe milimita 6, usipungue wala kuzidi kwa zaidi ya 1, upimwe kwa kipimo cha mshono mahali patatu. Mfereji ulioliwa pembeni mwa mshono usizidi kina cha milimita 0.5. Pasiwe na tundu la gesi linaloonekana, isipokuwa kwenye milimita 10 za mwanzo na za mwisho. Gamba lote, ule uchafu mgumu unaofunika mshono, liwe limegongwa na kusuguliwa kabla ya picha kupigwa. Mkondo wa umeme uwe umewekwa kati ya ampea 90 na 130 kabla ya kuanza, na mtathmini ausome mwenyewe kwenye mashine.

Faida ya kupima hivi haiishii kwenye haki kwa mwanafunzi. Mfereji wa pembeni kwa kawaida hutokana na mkondo mkubwa mno, mwendo wa haraka au mkono uliolaza elektrodi vibaya, na hilo ni kosa la mwanafunzi au la aliyemfundisha. Lakini wanafunzi kumi wakitoa matundu ya gesi siku moja, kwanza nenda stoo. Elektrodi zilizoachwa wazi kwenye chumba chenye unyevu msimu wa mvua ndefu hufanya hivyo hasa. Karatasi ya "nadhifu" ingewafelisha wote kumi, na pakiti iliyolowa ingebaki rafuni ikisubiri kundi linalofuata.

Kuna kasoro ambazo macho hayazioni. Kwa vipande vichache mwambie mwanafunzi achomelee upande mmoja tu, kisha vibanwe kwenye jiliwa na kupigwa nyundo kuelekea upande uliochomelewa hadi mshono uvunjike. Mzizi, sehemu ya ndani kabisa ya mshono, ukifunuka utaona gamba lililonaswa ndani au mstari mweusi ambapo chuma hakikuyeyukana. Mshono unaong'aa kwa nje mara nyingi huumbuka hapo. Huna haja ya kuvunja kazi za darasa zima. Vipande vitatu au vinne kwa kila kundi vinatosha kuonyesha tatizo liko wapi.

Sasa wapime watathmini wenyewe. Weka vipande 10 mezani, vyenye namba zisizo na majina: vitano vizuri, vitatu vibovu waziwazi, viwili vya mpakani. Mchanganyiko huo ni wa lazima, kwa sababu ukiweka vizuri vitupu watathmini watakubaliana bila ya kuangalia. Watathmini wawili wavikague kila mmoja peke yake, bila kuzungumza, kisha walinganishe. Wakikubaliana kwa 9 au 10, karatasi inafanya kazi. Wakikubaliana kwa 6, usimlaumu mtu kwanza. Tafuta mistari iliyowatenganisha, iandike upya, rudieni wiki inayofuata. Zoezi zima ni asubuhi moja. Kwa fundi umeme weka ubao wenye nyaya zilizofungwa, kwa fundi cherehani weka kola kumi, kwa mapishi weka sahani zilizopangwa. Kanuni haibadiliki.

Baada ya hapo uhakiki ufanyike mara tatu, na hapa ndipo vyuo vingi huchechemea. Mara ya kwanza ni kabla ya tathmini: mhakiki asome kazi na orodha ya ukaguzi, akifananisha na kiwango cha kazi hiyo, kisha aulize kama vifaa vipo. Karatasi inayotaka kipimo cha mshono kwenye karakana isiyo nacho ni ya kurudishwa. Mara ya pili ni wakati wa tathmini, mhakiki akikaa pembeni nusu saa na kutazama kama mtathmini anatoa msaada usioruhusiwa. Mara ya tatu ni baada, kwa kuchukua sampuli ya majalada. Vyuo vingi hufanya hii ya tatu pekee, Ijumaa ya mwisho ya muhula, majalada 60 yakitiwa sahihi kwa kalamu moja ndani ya saa mbili. Mhakiki wa nje wa CDACC akifunua jalada la kwanza na la mwisho anayaona yote.

Sampuli ni ngapi? Chukua kipeuo cha pili cha idadi ya wanafunzi, isipungue 5: kundi la 36 hutoa majalada 6, la 64 hutoa 8. Mtathmini mpya azidishiwe mara mbili. Usichague kwa kubahatisha tu. Ingiza waliokuwa mpakani, walioambiwa "bado" (hawajafikia kiwango), na angalau jalada moja kutoka kwa kila mtathmini.

Kuhusu picha, shida iko kwenye simu. Picha moja ya kiungo kizuri hupita kwenye WhatsApp ya darasa na kuonekana katika majalada saba. Dawa yake ni rahisi: kila kipande kigongwe namba ya mwanafunzi kwa patasi za namba kabla ya kuchomelewa, na picha ionyeshe namba hiyo pamoja na kadi yenye jina na tarehe. Kazi isiyogongeka namba, kama ukuta wa matofali, mwanafunzi asimame kando yake.

Kituo kidogo kina shida yake. Mkufunzi wa kuchomelea ni mmoja, mkuu wa idara ni yeye, na mhakiki ni yeye. Hapo hakuna uhakiki hata karatasi zikijaa. Ubadilishane na kituo jirani: mkufunzi wa Vihiga ahakiki kazi za Kakamega na mwenzake afanye hivyo huku, mara moja kila muhula, kwa barua ya makubaliano ya ukurasa mmoja. Nauli ya matatu ndiyo bajeti yote. Kwa kuwa vituo hivi viko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010, mipango ndani ya kaunti moja huwa rahisi zaidi kuidhinishwa. Ukivuka mpaka wa kaunti, anza barua mapema.

Kuwafuata wahitimu

Uhakiki una upofu mmoja: unaweza kupima kwa usahihi mkubwa kitu kisichohitajika tena. Karatasi ya fundi bomba inaweza kuwa safi kabisa, ikipima jinsi ya kukata hesi kwenye bomba la chuma lenye zinki, watathmini wakakubaliana kwa vipande kumi kati ya kumi. Mhitimu akifika kwenye nyumba za kupangisha zinazojengwa pembezoni mwa Nakuru anakuta mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto. Hapo kazi ni nyingine: chombo kipashwe hadi nyuzi 260 za Selsiasi, bomba la milimita 20 lishikiliwe sekunde 5 hivi, liingizwe moja kwa moja bila kuzungushwa, liachwe lipoe. Likipashwa kupita kiasi plastiki hufunga tundu kwa ndani na maji yakapita kwa shida, kasoro ambayo mwenye nyumba ataigundua baada ya vigae kubandikwa. Hakuna mhakiki wa ndani atakayekuletea habari hiyo. Itakuja kwa simu ya mhitimu au ya bwana aliyemwajiri.

Njia hii haihitaji utafiti mkubwa. Kundi moja, kozi mbili, maswali matano: unafanya kazi gani sasa, ni ya fani uliyosomea, ulianza baada ya miezi mingapi, ni chombo au kazi gani ulilazimika kufundishwa upya, ni kitu gani ulichosomea ambacho hujawahi kukitumia. Mawili ya mwisho ndiyo yenye thamani. Matatu ya mwanzo ni ya ripoti kwa wizara na bodi. Simu moja ni dakika nne au tano, kwa hiyo wahitimu 60 ni kama saa tano za kuongea, na saa nyingine nyingi za kupiga bila kupokelewa.

Panapokwama ni kwenye namba. Kijana wa umri huo hubadilisha laini kila anapopoteza simu. Chukua namba tatu siku anapokuja kuchukua cheti: yake, ya mzazi au mlezi, na ya rafiki wa darasani. Siku hiyo ndiyo nzuri kwa sababu anakuja mwenyewe. Pata na idhini yake kwa maandishi, kwamba atapigiwa na majibu yatatumika kurekebisha kozi, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavibana vyuo kama inavyozibana kampuni.

Jihadhari na hesabu. Ukiwapata 20 kati ya 60 na 15 wakawa kazini, usiandike kwamba asilimia 75 wameajiriwa. Hujui lolote kuhusu wale 40, na asiye na kazi mara nyingi hapendi kuulizwa. Andika "15 kati ya 20 waliopatikana, kundi la 60". Na utenganishe aliyeajiriwa na anayefanya vibarua vya siku. Jua kali ni kazi halali, ila ina maswali yake.

Wapigie na waajiri watano au sita. Karakana ya magari Kisumu, mkandarasi wa Kakamega, kiwanda cha maziwa Eldoret. Usiulize "Mnaridhika na wanafunzi wetu?", kwa sababu jibu litakuwa ndiyo, kwa adabu. Uliza: wiki ya kwanza hamkumwachia ashike kitu gani?

Cheti cha ISO

Tusikikejeli. ISO 9001 ya 2015 inakulazimisha kufanya mambo ambayo vyuo huyaahirisha daima: ukaguzi wa ndani wenye ratiba, kikao cha uongozi kinachopitia matokeo, na kila kasoro kutafutiwa chanzo chake. Kifungu cha 7.1.5, kinachohusu vifaa vya kupimia, pekee kingeokoa karakana nyingi zenye vanieka (vipimio vya unene) zilizopinda. Kuna pia ISO 21001, iliyotolewa kwanza 2018, iliyoandikwa mahsusi kwa taasisi za elimu na inayomweka mwanafunzi katikati, na kwa chuo kinachoanza leo hiyo inafaa zaidi.

Lakini elewa unachonunua. Cheti kinathibitisha mfumo wa uendeshaji. Hakisemi kozi yako ya umeme ni nzuri. Hudumu miaka mitatu, na katikati wakaguzi hurudi kila mwaka kwa ada. Ongeza mshauri, mafunzo ya wakaguzi wa ndani, na saa za wakuu wa idara wanaoandika taratibu. Kabla ya kulipa, hakikisha pia kwamba shirika linalotoa cheti, liwe KEBS (shirika la viwango la Kenya) au jingine, lina ithibati inayotambulika. Hapa nchini ithibati hiyo ni kazi ya KENAS, taasisi ya kitaifa ya ithibati.

Huharibika kwa namna inayotabirika. Kitabu cha taratibu hunakiliwa kutoka chuo kingine, na jina la chuo kile husahaulika kwenye ukurasa wa 14. Ukaguzi hugeuka kuwa wa kuhesabu: mpango wa somo upo, rekodi ya kazi ipo, sahihi ipo. Mkufunzi anajifunza kuandika rekodi za wiki sita usiku wa kuamkia ukaguzi, na mfumo unampa alama kamili. Dalili ya haraka ni kutazama kasoro za mwaka uliopita: zikiwa zote ni za aina ya "fomu haikujazwa" na hakuna hata moja inayogusa kilichofundishwa, mfumo unajikagua wenyewe.

Vyuo vikuu

Hapa mizani inabadilika. Maseno, Egerton au Masinde Muliro tayari vina watahini wa nje, kwa hiyo uhakiki upo kwa jina na kazi ni kuunoa. Mtahini anayefika karatasi zikiwa zimeshasahihishwa hawezi tena kuokoa swali bovu. Atumiwe maswali kabla, pamoja na jedwali linaloonyesha kila swali linapima lengo gani la kozi. Jedwali hilo mara nyingi hufichua malengo mawili matatu yasiyoulizwa kabisa na moja lililoulizwa mara nne. Ukishanoa hapo, kuwafuata wahitimu ndiko kunakolipa zaidi chuo kikuu, hasa kwa kozi zisizo na bodi ya taaluma inayozikodolea macho kama uhandisi au uuguzi.

Basi uchague ipi

Kituo cha kaunti chenye wanafunzi chini ya 300: uhakiki wa tathmini, na simu 30 za wahitimu mwishoni mwa mwaka. ISO iacheni.

Chuo cha kiufundi cha kati, chenye idara tano au sita: uhakiki kwa mihula miwili katika idara mbili zenye wanafunzi wengi zaidi, kisha wahitimu wa idara hizohizo. Msienee kote kwa pamoja. Mhakiki mmoja hawezi idara sita, na akilazimishwa atarudi kwenye sahihi za Ijumaa.

Chuo anuwai kikubwa, chenye fedha na ofisi ya ubora inayojitegemea: ISO 21001 ina maana, mradi uhakiki wa tathmini umeshasimama. Ukiuweka mfumo juu ya tathmini zinazopwaya, utakuwa umeandika vizuri jinsi zinavyopwaya.

Chuo kinachotarajia wakaguzi wa TVETA baada ya wiki sita hakina la kuchagua. Shughulikieni leseni za wakufunzi, orodha ya vifaa, rekodi za mafunzo na usalama wa karakana, basi.

Anayetaka kuanza Jumatatu bila kuomba shilingi kwa mtu yeyote aanze na meza, watathmini wawili na zoezi la vipande kumi. Vipande vyenyewe tayari viko kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana.